Juu ya Kukata Midomo ya Vifaranga

Katika wasomaji wetu wa Machame na nchi yote ya mlimani ni wachache wasiofuga kuku. Kwa hiyo neno tutakalo kulisema mwezi huu lamhusu karibu kila mmoja, nalo ni juu ya desturi ya kuwakata vifaranga midomo. Desturi hii imezoelewa hata mtu akiiulizia huonekana kama asiyejua kazi. Sisi twaona kwamba ni desturi mbaya, na kwamba sababu zitolewazo za kuitetea hazitoshi. Tutazitaja mbele ya wasomaji bila kuzificha, kisha tutazijibu moja moja, ili kila mtu aamue mwenyewe.

Kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo, maana wako walao mayai kila siku wasiopata kuliona. Kifaranga wa kuku wa mayai hutotolewa kwa mashine, mahali pasipo na mama wala kiota. Siku ile ile ya kwanza huchaguliwa, majike wakawekwa mbali na madume, na hupigwa chanjo. Katika viwanda vikubwa vya nchi za ng'ambo kichwa chake hutiwa katika chombo kizungukacho, na ncha ya mdomo ikapigwa na miale ya joto isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. Ncha ile haianguki papo hapo. Hulainika, ikamomonyoka baada ya juma moja au mawili. Njia iliyo ya zamani zaidi, nayo twaiona sana kwetu, ni ile ya kisu cha moto. Chuma huwashwa kwa umeme hata kikawa chekundu, kifaranga hushikwa kiganjani, kidole gumba kikikaza kisogo chake, na mdomo hukatwa na kuchomwa kwa tendo moja ili damu isitoke. Wako wasio na mashine, nao hupasha kisu katika jiko la mkaa. Wengine humkata kifaranga akiwa na siku saba au kumi; wengine hungoja hata majuma manane au kumi na sita, kuku akiwa karibu kutaga; na wengine hukata mara mbili, kwa kuwa mdomo uliokatwa mapema waweza kuota tena.

Wala si mdomo peke yake. Katika kuku wa mbegu, yaani wazazi wa wale vifaranga tununuao, yako mashamba ambayo majogoo hukatwa ncha za vidole wakiwa wadogo, ili wasiwachane majike migongo wakati wa kuwapanda. Na yako mashamba ambayo huondolewa undu kwa mkasi. Katika kazi hizo zote ganzi haitumiki. Lakini leo tutasema hasa juu ya mdomo, maana ndio ukatwao kwa wingi, na ndio ukatwao hata katika mabanda madogo ya vijiji vyetu.

Desturi hii si ya wazee. Wazee wetu walifuga kuku vihambani kwa vizazi vingi, chini ya migomba, na hapakuwa na kisu cha moto. Ilianza Marekani katika miaka ya 1930, wakati kuku walipoanza kufungiwa wengi pamoja ndani ya nyumba, na mtu kuona kwamba waliofungiwa hivyo walidonoana hata kuuana. Badala ya kuuliza kwa nini wanadonoana, watu waliuliza wawezeje kuwazuia wasidonoane. Na jawabu lililopatikana likawa ni kuuondoa mdomo. Jawabu hilo lilisafiri pamoja na mashine na mbegu za kuku wa kisasa, likafika Afrika ya Mashariki. Sasa katika vitabu vidogo vya ufugaji hutajwa pamoja na chanjo ya kideri na dawa ya minyoo, kana kwamba mambo hayo ni ya namna moja. Lakini chanjo ni msaada kwa kuku mwenyewe, na kukata mdomo ni msaada kwa nani? Hilo ndilo tutakalo kulipima.

Watu husema, mdomo wa kuku ni kama ukucha wa mtu: ukiukata hauumi, tena huota. Neno hili si kweli. Mtu yeyote aliyewahi kumchinja kuku na kumtengeneza aweza kulihakikisha jikoni mwake. Chini ya ile ngozi ngumu ya mdomo mna mfupa, mna damu, na mna mishipa ya fahamu mingi, hasa kwenye ncha. Ncha ile ndiyo imwambiayo kuku kwamba hii ni punje na hili ni jiwe, hii ni laini na hii ni ngumu. Ndege hana mikono. Mdomo ndio mkono wake wa kula, ndio kijiko chake, ndio chanuo lake la kusafishia manyoya, ndio jembe lake la kufukulia udongo, na ndio aushikao ulimwengu kwao tangu saa ya kwanza, maana ni kwa mdomo huo alivunja ganda akatoka. Anayefananisha kitu hicho na ukucha na akate ncha ya kidole chake, si ukucha, kisha aje kutuambia.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Edinburgh katika Scotland, J. Breward na M. J. Gentle, walichungua midomo ya kuku waliokatwa. Waliona kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa ilijaribu kuota tena, na kwa kuwa haikupata mahali pa kwenda ikajikunja na kufanya vivimbe ndani ya kovu. Na vivimbe hivyo vilipeleka habari zisizo za kawaida kwenye ubongo, kama zile zionekanazo kwa watu waliokatwa mguu au mkono, ambao huumwa na kiungo kisichokuwapo. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nao hawakuhitaji darubini. Ni haki tuseme pia kwamba uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa kifaranga akikatwa kidogo tu na katika siku zake za kwanza, vivimbe hivyo havidumu kama kwa yule aliyekatwa akiwa mkubwa. Watetezi wa desturi hii hulishika sana neno hilo. Sisi twalikubali, lakini twawauliza: ni wangapi kwetu wakatao kidogo tu, kwa mkono uliofundishwa, katika siku za kwanza? Na yule anayengoja majuma kumi na sita na kisu chake cha jikoni, uchunguzi huo wamtetea au wamshitaki?

Sasa tuje kwenye hoja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni hii: kuku wasipokatwa hudonoana, na kudonoana ni ukatili mkubwa kuliko kukatwa. Hoja hii si ya kuchekwa. Aliyepata kuingia bandani asubuhi akakuta kuku amechimbwa nyuma hata matumbo yametoka, na wenzake wamesimama wakimla akali hai, hawezi kuisahau siku ile. Mwenye kuku mia mbili alizonunua kwa fedha ya mkopo, akipoteza ishirini kwa njia hiyo, amepata hasara ya kweli, na huenda ada ya mtoto ilikuwa humo. Hatumlaumu mtu huyo kwa kutafuta msaada. Twasema tu kwamba ameonyeshwa msaada usio wenyewe.

Maana kuku hadonoi wenzake bure. Kuku aliye huru hutumia zaidi ya nusu ya mchana kudonoa na kuchakura chini. Kazi hiyo imo katika damu yake, kama kutembea kulivyo katika miguu ya mtoto. Ukimfungia mahali pasipo na kitu cha kuchakura, ukamwekea chakula kilichosagwa ambacho hukimaliza kwa muda mfupi, mdomo wake hubaki hauna kazi mchana kutwa, na kitu cha pekee kilicho mbele yake ni manyoya ya jirani. Ukiwasonga wengi mno, mnyonge hana pa kukimbilia. Ukimpa chakula kilichopungukiwa na protini au chumvi, hutafuta upungufu huo katika manyoya na damu ya mwenzake. Ukiacha mwanga mkali ukapiga viotani, kuku atagaye huonekana wekundu wake wa nyuma, na wengine huuvamia. Ukichanganya wadogo na wakubwa, ukiacha chawa na utitiri vikawasumbua, ukibadilisha chakula kwa ghafula, kudonoana kwaja. Mambo hayo yote ni mambo ya banda. Hakuna hata moja lililo kosa la mdomo.

Basi kuku waanzapo kudonoana, wanamwambia mwenye banda habari: hapa pamesongamana, hapa pana njaa ya namna fulani, hapa mwanga ni mkali. Hawana ulimi wa kusema, nao husema kwa midomo yao. Naye mwenye banda, badala ya kusikia habari hiyo na kutengeneza banda lake, huikata midomo iliyoileta. Msongamano umebaki, chakula kibovu kimebaki, mwanga umebaki. Kilichoondoka ni dalili tu. Ndiyo maana twasema kwamba kukata mdomo ni msaada kwa mwenye banda, si kwa kuku. Humwezesha kuendelea na kosa lake bila kulipa gharama yake. Nani kati yetu angemsifu mganga ambaye, mgonjwa akilia kwa maumivu ya tumbo, humfunga kinywa ili nyumba iwe na utulivu?

Tazameni tena ubaya wa kukata siku ya kwanza katika kiwanda cha kutotolea. Kifaranga yule bado hajamdonoa mtu wala kuku. Hajulikani atanunuliwa na nani, wala kama atakwenda kwenye nyumba ya kuku elfu kumi au kwenye kihamba cha mama mjane mwenye kuku kumi na wawili. Hukumu yatolewa kabla ya kosa, na adhabu yakatwa kwa wote sawasawa. Kuku wa kihambani amehitaji mdomo wake mzima kuliko kuku yeyote. Huyo hutafuta funza katika samadi ya ng'ombe, huchambua nyasi zilizoletwa toka tambarare, huokota wadudu chini ya migomba na kahawa. Aliyekatwa ncha hushika kwa shida. Huona mdudu, hupiga, mdudu akamponyoka. Hata usafi wake hupungua, maana kuku hujiondolea chawa na utitiri kwa ncha ya mdomo. Wachunguzi wa California waliwalinganisha kuku waliokatwa na wasiokatwa, wakaona kwamba waliokatwa hubeba wadudu wengi zaidi sana. Kisha mwenyewe hununua dawa ya unga ya kuwapaka, akilipa kwa fedha kazi ambayo kuku angeifanya bure.

Yuko atakayesema, kuku aliyekatwa hamwagi chakula sana, na chakula ni ghali. Ni kweli kwamba chakula ni ghali, na ni kweli kwamba kuku mwenye mdomo mzima huchagua na kurusha. Lakini yako maarifa mepesi ya kuzuia jambo hilo: usijaze chombo kupita theluthi yake, na uinue ukingo wake ufikie usawa wa mgongo wa kuku. Kama kwa ubao na msumari twaweza kuokoa chakula, kwa nini tukiokoe kwa kukata viungo vya mnyama?

Mwingine atasema, haya ni mambo ya Wazungu waliokwisha kushiba. Sisi tu maskini, na tangu kahawa iliposhuka bei kuku ndio waliotusaidia. Neno la kahawa ni kweli. Mapatano ya kahawa ya dunia yalipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na vihamba vinavyozidi kugawanywa kati ya wana havikuweza kuitegemea kahawa peke yake. Mayai ya Machame na Moshi huenda hotelini, huenda shuleni, hata hubebwa na wapagazi kupita lango la Machame ili wageni wapandao mlima wapate yai la kuchemsha njiani. Biashara hii ni njema nasi twaiombea istawi. Lakini umaskini haujapata kuwa ruhusa ya kumtendea vibaya asiyeweza kujitetea. Tena katika jambo hili maskini ndiye aliye na nafasi nzuri kuliko tajiri. Mwenye kuku elfu kumi katika vizimba vya chuma hana njia fupi. Amekwisha kujenga kosa lake kwa saruji. Mwenye kuku hamsini au mia ana majani makavu ya migomba, ana nyasi, ana mboga zilizopita wakati, ana majivu ya kuogea kuku, ana kivuli, na ana macho ya kuwatazama kuku wake kila siku. Vitu hivyo havinunuliwi dukani, navyo ndivyo dawa ya kudonoana.

Wala si ndoto. Nchi za baridi ambako mayai huliwa kuliko kwetu zimekwisha kuijaribu njia hii. Norway, Finland na Sweden zilikataza kukata midomo ya kuku kabla mwaka 1990 haujafika, na mayai hayakuadimika huko. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1999 liliziachia nchi ruhusa ya kukata, lakini kwa vifaranga wasiotimiza siku 10 tu, na kwa mikono ya watu waliofundishwa. Ujerumani, nchi waliyotoka wamisioni wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, wenye kuku walipatana na serikali mwaka 2015 kwamba waiache desturi hiyo, na tangu mwaka 2017 kuku wa mayai wasiokatwa ndio waingizwao mabandani mwao. Walipata shida mwanzoni, hilo hatulifichi. Iliwapasa kujifunza upya kazi ya kutazama kuku: kuwapa marobota ya majani makavu ya kuchakura, kurekebisha chakula, kupunguza wingi, kuchagua mbegu zenye upole. Lakini walijifunza. Je, sisi ambao wazee wetu hawakuwa na kisu cha moto kabisa, itakuwa vigumu kwetu kuliko kwao?

Hapa twataka kukumbusha jambo moja lililoivuruga mioyo ya watu wengi. Mwaka 2017, huko Namanga kwenye mpaka, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa kwa moto. Wakuu walisema kwamba walifanya hivyo ili kuzuia homa ya mafua ya ndege isienee. Wengi wa Kenya na wa Tanzania walilaumu. Walisema hata kama sheria ilivunjwa, kifaranga hakuivunja, na ikiwa ilimpasa kufa ziko njia zisizo za moto. Sisi nasi twasema walinena vema. Lakini twawauliza wale wale walionena vema: mbona moto wa siku moja uliwaumiza mioyo, na moto wa kisu, unaogusa kila kifaranga mmoja mmoja katika mabanda yetu wenyewe, hauwaumizi? Yule wa Namanga aliungua akafa. Huyu wa kwetu huungua, kisha huishi, akala kwa mdomo huo huo majuma sabini na zaidi, hata siku ya kuuzwa. Kama huruma yetu huamka tu pale mkosaji awapo mkuu wa serikali, na hulala mkosaji awapo sisi, basi si huruma, ni ugomvi.

Nchi yetu imekwisha kutunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ili wanyama watendewe kwa utu. Haikutungwa kwa ajili ya punda na mbwa peke yao. Zile haki tano za mnyama zijulikanazo siku hizi, yaani asiwe na njaa na kiu, asikose mahali pema, asiachwe na maumivu na maradhi, asizuiwe kutenda yaliyo tabia yake, na asiwe na hofu, asili yake ni taarifa ya baraza la Brambell la Uingereza ya mwaka 1965, ambalo liliundwa kuchungua ufugaji wa kufungia wanyama ndani. Pimeni kukata mdomo kwa haki hizo. Humletea kifaranga maumivu, na humzuia kutenda yaliyo tabia yake. Haki mbili huvunjwa kwa tendo moja, na aghalabu huvunjwa ili kuficha ya kwamba ya mahali pema ilikwisha kuvunjwa kabla.

Na kwa sisi walimu liko neno zaidi. Shule nyingi zina mradi wa kuku, na watoto ndio wafagiao banda na kuokota mayai. Mtoto hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa kitabu. Akiona kwamba kuku walipogombana kwa sababu ya kusongwa, mwalimu alileta kisu akawakata midomo, amejifunza somo, nalo ni hili: aliye chini yako akikusumbua kwa malalamiko, usitengeneze kinachomsumbua; mnyamazishe. Somo hilo atalikumbuka siku atakapokuwa na mke, na watoto, na wafanyakazi, au akiwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini akiona kwamba mwalimu alipima chumba kwa kamba, akafanya hesabu, akapunguza kuku, akaleta majani, na ugomvi ukaisha, amejifunza hesabu na uongozi siku moja.

Basi tuifanye hesabu hiyo hapa. Chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 kina mita za mraba 30. Kuku wa mayai wakaao chini, juu ya maranda, hutosha watano kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo chumba hicho ni cha kuku 150. Mwenye kutia 300 humo asishangae wakidonoana, wala asimlaumu aliyewatotoa. Kisha na atie maranda makavu tangu siku ya kwanza ya kifaranga, maana kifaranga asiyezoea kuchakura chini akiwa mdogo huzoea kuchakura manyoya akiwa mkubwa. Atundike mboga za majani kwa kamba, juu kidogo, ili kuku wazifanyie kazi. Aweke vijiti vya kulalia, mnyonge apate pa kupanda. Viota viwe gizani, kimoja kwa kuku watano. Chakula kiwe na dagaa au mashudu ya kutosha, na chumvi isisahauliwe. Mwenye jeraha atengwe siku ile ile, na yule mkorofi wa kwanza atafutwe naye atengwe au achinjwe. Maana mara nyingi vita ya banda zima ilianzishwa na mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ikiwa mtu amekwisha kufanya yote hayo, na bado damu yamwagika bandani? Hatutamwambia akae atazame kuku wakiliwa hai. Amwite mganga wa mifugo aliyefundishwa. Na kama hakuna njia nyingine, kinachotolewa kiwe ni ile ncha kali tu, kwa mkono ujuao kazi. Lakini jambo hilo liwe kama kukatwa kiungo hospitalini: hufanywa baada ya dawa nyingine kushindwa, wala hakuna hospitali inayowakata watu wote mlangoni ili kuzuia kidonda kisije kutokea.

Tuna maombi matatu. La kwanza ni kwa wanunuzi wa vifaranga, hasa vile vikundi vya akina mama vinunuavyo kwa pamoja: ulizeni kabla ya kulipa kama vifaranga wamekatwa, na semeni wazi kwamba mwataka wazima. Mtotoleshaji huuza kile kitakwacho, na sauti ya kikundi chenye fedha mkononi husikiwa upesi kuliko makala ya walimu. La pili ni kwa mabwana mifugo: mwitwapo kukata midomo, pimeni banda kwanza, hesabuni kuku, tazameni chakula na mwanga, kisha ndipo mseme. Kisu kiwe neno lenu la mwisho. La tatu ni kwa walimu wenzetu wenye kuku wa shule: mwaka huu leteni kundi moja lisilokatwa, waacheni watoto waandike kila juma ni kuku wangapi waliodonolewa na ni nini kilichobadilishwa bandani, nanyi mtuletee habari hizo tuzitie katika gazeti hili, ziwe njema au mbaya.

Nasi hatukatai kujibiwa. Aliye na hoja ya kuitetea desturi hii na aiandike, lakini kabla ya kuandika aingie kwanza bandani mwake na kamba ya kupimia, atuambie chumba chake kina mita ngapi na kuku wangapi.